Msalaba Mdogo Kando ya Jina

Torkil Ravnsbæk wa idara ya fizikia, Chuo Kikuu cha Aarhus kule Denmark, hakupata nishani yoyote, na akifundisha wanafunzi walisinzia. Kipaji chake kilikuwa kimoja: kufanya kazi na Gunver, mwanamke mtafiti mwenzake. Miaka nenda miaka rudi wawili hao walisimama mbele ya ubao mmoja, wakisaka kwa hesabu tupu metali itakayopitisha umeme bila kupoteza hata chembe. Gunver aliwaza, Torkil akakagua. Alimpenda pia, ila hakumwambia. Mwoga yule!

Hesabu ilipokubali, Gunver alikuwa hospitalini.

"Itume makala kwa jarida, Torkil," alisema. "Usianze kuchokonoa koma zako."

"Kesho tu."

Gunver akafa makala haijatumwa. Na desturi ya majarida ni kwamba mwandishi aliyefariki huwekewa msalaba mdogo kando ya jina lake. Torkil aliuweka, akaufuta. Akauweka tena, akaufuta tena. Mwishowe akajidanganya kwamba ukurasa wa mwisho una kasoro, akakagua upya alichokwisha kukikagua. Makala ikienda, yeye na Gunver wamekwisha. Hilo ndilo lililomshinda.

Idarani, makala ikikubaliwa, mwandishi huleta keki. Inger, mama yake Gunver, alitaka kuoka mwenyewe ya bintiye, na hakuchoka kupiga simu.

"Mwanangu, nichanganye unga?"

"Bado kidogo, mama."

"Bado, bado! Keki hii utaila kwa meno ya bandia."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Asubuhi moja ya Machi, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walitoa matokeo yaleyale, metali ileile. Katika utafiti wa hesabu, aliyetangulia kuchapisha ndiye mwenye mali. Torkil alisoma kurasa zote akitafuta jina la Gunver. Lingetoka wapi?

Alimpigia Inger simu kwamba anakuja. Bibi akadhani siku imefika, na Torkil alimkuta jikoni mikono imejaa unga. Akamweleza yote, hata habari ya msalaba.

"Mimi nilimchagulia wa jiwe," Inger alisema, "nikasimama pale kaburini ukisimikwa. Mimi, mama mzazi! Wewe umeshindwa na wa wino?"

Torkil akaangua kilio. "Nilimpenda, mama."

"Najua. Hata yeye alijua. Alikungoja useme."

Inger akalichukua bakuli, akaumwaga ule unga kwenye pipa la taka.