Nyumba ya Mjomba Kule Marekani

Mjomba wangu alikuwa mchonga vinyago. Kibanda chake kilikuwa Shauri Moyo, karibu kabisa na Soko la Burma, kwa hiyo twiga na tembo wake wote walinuka moshi wa nyama choma. Kwa kuwa nilipewa jina la marehemu nyanya, mama yake mzazi, hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita "mama", na nikikosea alishindwa kunigombeza, maana mtu hamgombezi mamake. Jambo hili lilinifaa sana mwaka ule nilipomjengea ukurasa wa intaneti.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nasomea kompyuta katika chuo kimoja mjini, vyumba viwili vilivyokuwa juu ya duka la viatu. Mwalimu wetu alitutaka kila mmoja atengeneze kitu kinachofanya kazi mtandaoni, si karatasi ya kusomwa tu. Wenzangu walichagua mabenki na mahospitali. Mimi nilichagua vinyago vya Mjomba. Mtu angefungua ukurasa, aone picha za wanyama, achague mmoja, aandike jina lake na abonyeze kitufe cha kuagiza. Agizo lingehifadhiwa mahali ambapo ningelisoma baadaye. Siku hizi hilo ni jambo la kufanya ukinywa chai. Kwangu wakati ule lilikuwa kama kuunda ndege.

Picha alitupigia mpiga picha wa mtaa. Alizoea harusi, kwa hiyo aliwapanga wanyama kama watu wa harusi: twiga nyuma, vifaru katikati, sungura wamechuchumaa mbele, na Mjomba pembeni amefunga tai. Nilipowakatakata ili kila mnyama apate picha yake, kifaru mmoja alibaki na kiatu cha Mjomba begani.

Programu ilifanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya chuo. Shida ilikuwa kuitafutia makao. Ili ulimwengu uuone, ukurasa lazima ukae kwenye kompyuta isiyozimwa kamwe, iliyounganishwa na mtandao muda wote, na mtaani kwetu hata taa za barabarani zilikuwa zimezimwa tangu nikiwa shule ya msingi. Ndipo nikasikia kuhusu kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikigawa nafasi bure, mradi ukubali matangazo yao yapite juu ya ukurasa wako. Walikuwa wamewapanga wateja wao kama mji. Ulichagua mtaa, wakakupa nambari ya nyumba. Nilichagua mtaa wa wasanii, nikajaza jina, nikapewa nambari papo hapo.

Nikaenda kibandani kumwambia Mjomba.

"Wamenipa nyumba?" akauliza, patasi ikiwa mkononi.

"Si nyumba hasa, Mjomba. Ni mahali pa kuweka ukurasa."

"Ina nambari?"

"Ndiyo, ina nambari."

"Na mtaa una jina?"

"Unalo."

"Basi hiyo ni nyumba." Akaweka patasi chini. "Ulimwona nani huko ofisini?"

"Hakuna niliyemwona. Nilijaza jina tu."

"Hukutoa chai?"

"Sikutoa hata ya rangi."

Mjomba akakaa juu ya gogo. Alikuwa ameomba nyumba ya Baraza la Jiji kabla sijazaliwa, na kila mara alipokwenda kuuliza aliambiwa faili yake inatafutwa. Wakati huo wote alikuwa akipanga chumba kimoja Maringo, nyumba ya mtu mwingine aliyepewa na Baraza. "Mama," akaniambia polepole, "na Wamarekani hawanijui."

Kufikia Jumapili kanisa zima lilijua kwamba Mjomba amepewa nyumba Marekani. Nilijaribu kueleza. Nilisema "ukurasa", nikasema "seva", nikasema "ni kama kabati tu". Watu waliitikia kwa kichwa kwa heshima, kisha wakauliza ina vyumba vingapi.

Mama yangu mzazi, dadake Mjomba, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha akina mama. Siku zile mtu akienda Marekani alisindikizwa hadi uwanja wa ndege na basi zima la watu. Mama hakuona sababu ya kumnyima ndugu yake heshima hiyo kwa vile tu kinachosafiri ni disketi yenye ukurasa wake. Basi siku ya kupakia ukurasa nilipanda ngazi za saiba kafe moja katikati ya mji nikiwa nimeongozana na Mjomba mwenye tai, Mama, na kikundi kizima cha maombi kwa sare zao za vitambaa vya samawati, wakiwa na chupa za chai na viazi vitamu vilivyofungwa kwa gazeti.

Kijana wa pale alivua vipokea sauti masikioni. "Niaje, siste. Hawa wote wanataka mashine?"

"Hapana. Wamenisindikiza."

"Unaenda wapi?"

Kabla sijajibu, Mama alikwisha kuichukua disketi na kuinyanyua juu kwa mikono miwili. "Bwana," akaanza, na wote wakafumba macho, "kisindikize kifaa hiki juu ya bahari. Kilinde na dhoruba. Kikifika huko kisisahau nyumbani." Kijana alivua kofia yake pia. Mzungu mmoja aliyekuwa kwenye kona akisoma barua pepe aliinamisha kichwa, na mwishowe akasema "Amina" pamoja nasi.

Nikaanza kupakia. Laini ya simu ilikuwa ya polepole mno, na kwenye skrini kulikuwa na mstari uliojaa rangi kidogo kidogo kuonyesha kazi imefika wapi.

"Kimefika wapi sasa?" akauliza mama mmoja nyuma yangu.

"Kimefika nusu."

"Nusu ni wapi? Misri?"

"Nafikiri Misri wamepita," akajibu Mjomba, aliyekuwa akiukodolea mstari macho kama mtu anayesoma ramani.

Ukurasa ulipofunguka, wanyama wote wakatokea mmoja mmoja, kuanzia kichwani hadi miguuni, na akina mama wakapaza wimbo hata watu wa ofisi ya chini wakaja kuchungulia. Mjomba alimgusa kifaru wake kwenye kioo kwa kidole kimoja.

Kisha tangazo la kampuni likajitokeza juu ya ukurasa. Alikuwa mwanamke wa Kizungu katika nguo ya kuogelea, akitangaza dawa ya kupunguza unene.

Wimbo ulikatika.

"Na huyu ni nani katika nyumba ya ndugu yangu?" Mama akauliza.

"Ni tangazo, Mama. Ndiyo kodi ya nyumba."

"Afunikwe."

Kijana akaleta karatasi na gundi ya utepe, akamfunika yule mwanamke juu ya kioo, na sherehe ikaendelea.

Mjomba alitaka kuona kama nyumba yake inaonekana kutoka madirisha mengine, kwa hiyo tukafungua anwani ileile kwenye kompyuta ya jirani. Majina ya wanyama yalikuwepo. Kitufe kilikuwepo. Mwanamke wa nguo ya kuogelea alikuwepo. Lakini hapakuwa na mnyama hata mmoja, miraba mitupu tu yenye alama nyekundu.

"Wanyama wako wapi?" Mjomba akauliza.

Nilitafuta kosa jasho likinitoka. Kumbe nilipoandika ukurasa niliuelekeza uchukue picha kutoka kwenye disketi. Kompyuta ya kwanza ilikuwa na disketi tumboni, ndiyo maana iliziona. Ulimwengu mwingine wote haukuwa nayo.

"Wamebaki kwenye disketi," nikasema.

"Kumbe hawakupanda!" akasema yule mama wa Misri, na wengine wakaguna kwa huruma, kwa maana kila mmoja alimjua mtu aliyerudishwa kutoka uwanja wa ndege.

Tulikaa pale hadi viazi vikaisha. Nilibadilisha maelekezo, nikapakia picha zote upya, nikagundua pia kwamba seva ya Marekani, tofauti na kompyuta ya chuo, haikubali "Twiga" na "twiga" kuwa kitu kimoja. Hatimaye wanyama wakaonekana kwenye kila mashine. Mjomba akachagua tembo, akaandika jina lake mwenyewe kwa kidole kimoja, akabonyeza kitufe cha kuagiza.

Ukurasa mweupe ukaja na sentensi fupi ya Kiingereza. Ilisema hatuna ruhusa.

"Nani amekataa?" Mjomba akauliza.

"Ni seva, Mjomba."

"Seva ni nani?"

"Ni ile kompyuta ya huko."

"Kompyuta ina mkubwa wake," akasema, akaweka tai yake sawa.

Nilidhani ni hasira za kupita. Siku iliyofuata alinipitia nyumbani akiwa amevaa tai ileile, akanipeleka kwa chifu.

Chifu alisimama kutusalimu kwa mkono. "Hongera kwa nyumba!" akamwambia Mjomba. "Habari imetufikia. Kijana wangu wa kwanza anatafuta chuo kulekule. Hatasumbua, hata kona ya sebule inamtosha."

"Kwanza waturuhusu sisi wenyewe," Mjomba akasema kwa uchungu. "Tumefika hadi mlangoni, wanyama wameingia, lakini kazi tumekatazwa."

Chifu aliuma mdomo. Aliona shida hiyo kuwa ya kawaida kabisa. Akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko wa kuinama kwamba mwenye ukurasa huu anajulikana kwake, ni raia mwema, hana kesi yoyote, na yeyote anayehusika ampe msaada unaofaa. Akapiga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza haukushika wino.

"Mpelekee huyo Seva," akaniambia.

Nikaitia barua ndani ya mkoba. Wakati huohuo mwenzangu mmoja chuoni alikuwa amenieleza kwamba faili inayopokea maagizo lazima iwekewe alama ya kuruhusiwa kufanya kazi, la sivyo seva huiona kama maandishi tu na kukataa kuiendesha. Nilirudi saiba pamoja na Mjomba, safari hii bila kwaya. Niliweka mkoba kando ya kibodi, nikaweka ile alama, tukajaribu. Kitufe kikafanya kazi. "Asante, agizo lako limepokelewa," ukurasa ukasema, kama nilivyoufundisha.

Mjomba alishusha pumzi. "Barua ya chifu si mchezo."

"Mjomba, barua bado iko kwenye mkoba. Haijaenda popote."

Aliutazama mkoba, akaitazama kompyuta. "Ilikuwa karibu," akasema.

Kwa wiki kadhaa hatukupata chochote ila maagizo ya watu wa saiba waliojaribu kitufe, na moja la Mama, aliyeagiza sungura kisha akakana kabisa. Halafu siku moja nikakuta agizo la kweli. Mtu aliandika jina moja tu la Kizungu, ambalo lingeweza kuwa la mwanamume au la mwanamke, na mahali pa maoni akasema amevipenda vinyago, lakini yeye anataka pengwini.

"Ni nini hicho?" Mjomba akauliza.

"Ndege."

"Anaruka?"

"Haruki. Anasimama wima kama mtu, tumbo jeupe, mgongo mweusi. Anaishi kwenye barafu."

"Kama amevaa koti?"

"Kama amevaa koti."

"Basi ni mchungaji," Mjomba akasema, na akaanza kuchonga.

Nilijitolea kumtafutia picha, akakataa, akasema mteja amemwamini yeye, si kitabu. Alitumia mjakaranda, mti wenye rangi hafifu, na mgongo akaupaka rangi ya viatu. Pengwini alipokamilika alikuwa na magoti. Alikuwa na mabega pia, na uso wa mtu aliyechelewa kuletewa chakula. Wapita njia waliokuwa wakienda kula nyama Burma walisimama kumtazama. Kila mmoja alimfananisha na mtu anayemjua, na kila mmoja aliondoka akicheka.

"Sasa tumtume," Mjomba akasema. "Mteja yuko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Niliitazama fomu yangu kichwani, kutoka juu hadi chini. Jina. Mnyama. Maoni. Kitufe.

"Hakusema," nikajibu.

"Kwa nini hakusema?"

"Sikumwuliza. Fomu haina mahali pa anwani."

Mjomba alifungua mdomo, akanitazama, akakumbuka mimi ni mama yake, akaufunga. Kisha akasema, "Atarudi kuuliza. Mtu hawezi kumsahau huyu."

Siku hiyohiyo nilikwenda nikaongeza mahali pa anwani, nikapakia ukurasa upya, na mwezi huo nikawa nakwenda kutazama kila nilipopata nafasi. Na kweli yule mtu alirudi. Jina lilelile. Kwenye maoni aliuliza pengwini wake amefikia wapi. Mahali pa anwani aliandika: ileile ya mwanzo.

Hatukumpata tena. Mwaka uliofuata kampuni ya Marekani ilibadilisha mipango yake na mtaa mzima wa wasanii ukafutwa, nyumba yetu ikiwemo. Mjomba alichukulia kuwa ni kubomolewa, kama vibanda vinavyobomolewa, na hakulaumu mtu. Chifu ndiye aliyeumia zaidi. Kwa muda mrefu aliendelea kuuliza kama kuna fidia.

Mwenye duka la vinyago mjini alimnunua pengwini, akarudi baada ya siku chache akitaka wengine. Wachongaji wa vibanda vya jirani wakaiga, wakaiga na yale magoti, na kabla ya mwaka kwisha ndege yule alikuwa amepangwa kwenye rafu za maduka ya watalii, katikati ya simba na twiga. Mimi mwenyewe nilisimama siku moja nikamsikia muuzaji, kijana mchangamfu, akimhakikishia mama mmoja mtalii kwamba ndege hawa wapo kwa wingi Mlima Kenya, ila ni waoga, na ukitaka kuwaona lazima uamke mapema sana.

Nilipomsimulia Mjomba, hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kama huko mlimani kuna barafu.

"Kuna," nikasema.

"Basi hajadanganya sana," akasema, na akaendelea kumpaka mwingine rangi ya viatu.