Chini ya Dirisha la Walimu

Niseme mapema aibu iishe: nilikutwa nimechuchumaa chini ya dirisha la ofisi ya walimu, kanga nimejitanda mpaka machoni, nasikiliza mtihani wa binti yangu wa miaka sita.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia Mikumi. Kule Kilosa mwalimu wake alishamjulia. Akimaliza kazi za darasa la kwanza anapelekwa kusoma na la pili. Huku kila siku anarudi kanuna, daftari limejaa michoro ya twiga. "Mama, bado wanasoma a, e, i, o, u." Nikaogopa shule isije ikamchosha kama ilivyonichosha mimi, niliyeishia kidato cha pili bila hata kuaga.

Nikamwendea mwalimu mkuu. Akasema, "Sawa, tutampima. Wewe mama kasubiri getini."

Getini? Kwa nini getini? Mwalimu wa darasa naye akatabasamu. Mimi mtu akinitabasamia bila sababu nashika pochi. Nikajua tu wanataka kumtisha mtoto ashindwe, wasijiongezee kazi. Nikazunguka nyuma.

Mtoto akaanza kusoma, vizuri tu. Ndipo darasa la pili wakapita na vidumu vya kumwagilia maua. Watoto wamefundwa wale! Wakasimama wote: "Shikamoo mamaaa!"

Salamu ya mtoto utaiachaje? Nikanong'ona, "Marahaba." Hawakusikia. Wakarudia, kwa nguvu zaidi.

Dirisha likafunguliwa. Mwalimu mkuu akanitazama kwa juu. "Mama, hapa Mikumi tumezoea nyani kuchungulia madirishani. Mzazi ndiyo mara ya kwanza."

Mwalimu wa darasa hakucheka. "Kumbe anamnong'oneza majibu! Mtihani huu haufai. Mtoto abaki alipo."

Nawashuku wao, kumbe nashukiwa mimi, na anayeumia ni mtoto. Nikaanza kuapa. "Mwalimu, mpe kitabu chochote ambacho hajawahi kukiona. Mimi nipelekeni hata barabara kuu."

Mwalimu mkuu akanisindikiza mwenyewe mpaka getini, akasimama nami kama polisi. Baada ya muda mwalimu wa darasa akaja, kamshika binti yangu mkono.

"Nimempa kitabu cha darasa la tatu. Kakimaliza, halafu kaniuliza kwa nini fisi hakuomba msamaha." Akatabasamu tena, na safari hii sababu niliiona. "Kila siku baada ya uji atakuja kusoma na la tatu. Hesabu abaki na wenzake. Na wewe mama, ukija, pitia mlangoni."

Nikashukuru, lakini njia nzima naumiza kichwa. Nikampigia rafiki yangu wa Mabwerebwere, kulekule Kilosa. "Shoga, wamekubali haraka hivi, kuna nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna kitu! Wewe ulitaka wamkatae upate la kulalamika. Sasa mtoto kakubaliwa, umebaki huna ugomvi. Pole, shoga yangu."