Mchuzi wa Kijani

Kwenye machimbo yale ya mawe hakuna aliyethubutu kumgusa Tingatinga. Mikono yake ilikuwa kama magogo, na alishavunja mataya mawili kwa ugomvi wa zamu. Ila karanga moja tu ilitosha kumlaza chini: midomo inavimba, koo linaziba.

Mkewe, mpishi wa kantini hapohapo, hakuwa mtu wa kulialia. Alikaanga mbegu za maboga, akazitwanga mpaka zikatoa mafuta, akaungia mchuzi wa mumewe. Wenzake waliungiwa karanga. Wa mume ulikuwa wa kijani, una sufuria yake na upawa wake.

"Shemeji, umeolewa na mbuzi?" Nyundo alimchokoza kila siku. Taya moja kati ya yale mawili lilikuwa lake.

"Kula unyamaze. Hilo taya lenyewe halifungi vizuri."

Adhuhuri moja mpishi aligeuka kuepua wali. Kurudisha macho, Tingatinga yuko tonge la pili, na mchuzi sahanini umegeuka rangi ya udongo. Hakuuliza. Aliipiga sahani kofi ikapasukia ukutani. Jitu likaanguka na benchi lake, likijikwaruza shingo mpaka damu. Mkewe akachomoa mfukoni sindano ya dharura aliyopewa zahanati, akamdunga pajani juu ya suruali, akamng'ang'ania huku akipigwa mateke, hadi pumzi ikarudi, nyembamba kama mluzi. Wenzake wakampakia kwenye lori la kokoto, likaondoka mbio.

"Nilimjaribu tu, shemeji," Nyundo alisema. "Upawa mmoja wa karanga."

Mwiko wa kwanza ulimpasua nyusi. Wa pili ulivunja kidole alichojikingia. Wa tatu ukakatikia mgongoni mwake. Wanaume sitini walisimama na sahani zao, hakuna aliyesogea.

Msimamizi akaja anahema. "Umeniulia mtu."

"Huyu anapumua. Nifukuze basi, kesho uwapikie wewe. Au nibaki, na karanga zisivuke lango hili tena. Wote wale kijani."

"Wakikataa?"

"Mawe yapo."

Msimamizi aliitazama damu, akaitazama sufuria. "Mwiko utaulipa."

"Nusu kwa nusu."

Siku ya tatu Tingatinga alirudi kazini, akapanga foleni. Mbele yake alisimama Nyundo, kidole kimefungwa bendeji, akanyoosha sahani.

"Ongeza kidogo, shemeji."

Hakumwongezea.