Hodi Kwenye Programu ya Kitindamimba Wangu

Kitindamimba wangu ana kichwa kigumu, na hakukiokota barabarani. Mchana anatengeneza kompyuta za watu kwenye kibanda chenye feni moja. Akirudi anakaa mezani kwangu na kazi isiyo na mshahara: programu ya simu inayosoma maandishi kwa sauti, kwa lugha yetu. Ni ya bure, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani, kuirekebisha na kumtumia mwanangu alichorekebisha. Mimi kusoma kwangu ni kwa kudokoa herufi, lakini ujumbe wa wanangu nausikia mwenyewe. Sibembelezi jirani.

Zikaja simu mpya, na humo programu ikawa bubu. Mwenzake aliyeianza naye alishachoka, akaondoka. Kuirekebisha haikuwa kazi ya mtu mmoja. Asipopata watu, itakufa. Na watu walikuja. Hawakukaa.

Siku moja nachambua mchele, nikamsikia anaguna.

"Nini tena?"

"Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama. Anataka kusaidia, na amekwama mwanzoni kabisa."

"Ukamjibuje?"

"Asome maelekezo. Yapo."

"Mtu kapiga hodi, wewe unamwambia akasome mlango?"

"Mama, haya mambo huyajui."

"Siyajui. Wageni nawajua. Mpigie."

"Simpigii."

"Basi chai utajipikia."

Alinuna weee, mwisho akapiga, simu akaiweka mezani sote tusikie.

"Dada, nisamehe kwa lile jibu. Fuata maelekezo, unisomee kila unachokiona. Mimi nitanyamaza."

Akabana mdomo kama fundi aliyeshika pini kwa meno. Hatua ya kwanza ikapita. Ya pili ikagoma.

"Inasema nifungue folda ya sauti," akasema mwalimu. "Kwangu haipo."

"Ipo!"

"Ulisema utanyamaza," nikamkumbusha.

Akafungua kompyuta yake. Folda ilikuwepo, kwake tu. Aliiweka kwa mkono zamani, akasahau, wala hakuiunganisha na vile vinavyopakuliwa na watu. Kila mgeni alikuwa anatumwa chumba kilichomo nyumbani mwa mwanangu peke yake.

Mwalimu akacheka. "Kumbe si ujinga wangu! Nilishaanza kujitukana."

Mwanangu hakucheka. "Wote wamekwama hapo," akasema. "Na wote niliwajibu hivyohivyo."

Basi akakaza. Akaiweka folda pale inapotakiwa, akaandika maelekezo upya, akayajaribu kwenye kompyuta tupu isiyo na kitu chake hata kimoja. Kazi ndogondogo akazitenga kwa ajili ya wanaoanza. Aliowafukuza akawaandikia kuwaomba radhi. Wengi kimya. Wachache wakarudi, na mwalimu mbele yao.

Marekebisho yake ya kwanza yalikuja na makosa. Nikamwona mwanangu anavuta pumzi ile ya zamani, vidole juu ya vitufe. Nikakohoa.

"Nimekusikia, mama."

Akaandika huku anajisomea: "Umefika pazuri. Pamebaki padogo, tupamalize pamoja."

Wakapamaliza. Simu mpya sasa zinasema, ingawa maneno mengine bado zinayameza. Mwalimu anasema haondoki mpaka yatoke yote. Na leo kuna mgeni mwingine amekwama; mwanangu ameshapiga simu kabla sijafungua mdomo.