Firigisi Iliyonishinda Ukweni

Nimeshalicheka hili peke yangu jikoni mara nyingi, lakini kulisimulia bado naona haya, kwa hiyo msinitazame usoni, nisikilizeni tu. Mimi ndiye yule mke aliyetema nyama ya heshima mbele ya ukoo mzima kule Mgeta milimani, na kama habari mliipata kwa wifi yangu basi mliipata vibaya.

Mnajua navaa waya za meno. Si urembo, meno yangu ya chini yalipandana mpaka nikitafuna najing'ata shavu, daktari hapa mjini akasema yanyooshwe. Sasa kinachotesa si kuzivaa, ni kukazwa. Ukishakazwa, siku za mwanzo hata wali unauona mgumu, unaishi kwa uji, unasukutua maji ya chumvi ya uvuguvugu, na pale waya inapochoma shavu unabandika ile nta laini wanayokupa. Mimi nilikazwa Ijumaa, na Jumapili binti yetu Jema anabatizwa kwao baba yake. Kupanga hivyo ni ujinga wangu, sikatai (na nta niliisahau juu ya friji, huo nao wangu). Yaliyofuata ni ya Baba Jema.

Na muelewe nilikuwa nataka nini. Nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ushonaji, mtoto hana wa kukaa naye, na mtu pekee ambaye ningemwachia mwanangu nikatulia ni mama mkwe, ambaye tangu niolewe alikuwa ananiita "yule wa mjini," hata nikiwa nimekaa mbele yake. Alisema kama atashuka kuja kukaa nasi au la, atajibu baada ya ubatizo. Kwa hiyo siku ile nilikuwa kwenye mtihani. Asubuhi nikamwambia mume wangu, "Mwambie mama leo siwezi kutafuna, anipe hata uji." Akasema, "Atasema unaringa. Jikaze, utakunywa mchuzi." Nikakubali. Kukubali kule ndiko kulikoniponza.

Tumetoka kanisani, mikeka imetandikwa uani, masinia yamewekwa, mimi nabonyeza viazi kwenye mchuzi na mambo yanakwenda, mara mama mkwe akasimama na kibakuli. Pale kwao firigisi anakula mjomba, kaka yake mkubwa, hakuna wa kumgusia. "Kaka, leo utanisamehe," akasema. "Hii anakula Mama Jema, ametuletea mjukuu." Vigelegele. Mjomba mwenyewe akapiga makofi. Nyie, mwanamke aliyekuwa hanitaji jina ananipa firigisi mbele za watu, ningesema nini? Nikaitia mdomoni.

Jogoo yule alikuwa mzee, sijui alizaliwa lini. Nilipobana mara moja tu nikaona nyota, waya ya nyuma ikachomoka ikaingia shavuni. Nikaisogeza huku, nikaisogeza kule, haitafuniki, haimezeki, machozi yananitoka (wao wanadhani ni furaha), na hapo katekista akasema mama wa mtoto atoe neno la shukrani. Nikajifanya nakohoa, nikaitemea kwenye leso ya mtoto, nikaikunja, nikasema ahsanteni sana, nikakaa. Nikajipongeza kabisa. Haikupita dakika Jema akacheua kwenye mapaja ya bibi yake, bibi akaichukua leso akaikung'uta, na firigisi ikadondoka ikaviringika mpaka miguuni kwa mjomba.

Mjomba akaiangalia. "Hii si ile yangu?"

Wifi yangu hakungoja. "Kumbe anaogopa tumemtilia kitu."

Neno hilo pale si la mchezo. Mkwe akikitema chakula chako kwa siri ameshakuita mchawi. Nikaona uso wa mama mkwe unafunga kama duka. Nikamtazama Baba Jema aseme, naye kainamia sinia anatafuta sijui nini kwenye wali, na hapo hasira zikanipanda, nikasahau mimi ni mkwe.

"Mama, sikuogopi wewe, naogopa hizi waya. Juzi nimekazwa, shavu limechanika, na mwanao nilimwambia asubuhi akuambie, akaniambia nijikaze." Nikaachama, wote waone.

Mjomba akatoa simu, akawasha tochi. "Panua mwanangu. Panua zaidi. Dada, njoo uone, humu ndani kuna senyenge." Wakaja. Shangazi wakaja, majirani wakaja, katekista naye akachungulia akatikisa kichwa, na mimi nimekaa mkekani na gauni langu la ubatizo, mdomo wazi, mate yananichuruzika na damu kidogo. Aibu niliyoiona pale simtakii hata wifi.

Mama mkwe akachungulia wa mwisho. "Inauma?"

"Inauma, mama."

Akainama, akaiokota firigisi, akaisuuza, akaiweka kwenye sahani mbele ya mwanawe. "Kula."

"Mama, hiyo imetoka mdomoni mwa mtu."

"Imetoka mdomoni mwa mkeo. Jikaze."

Akala. Alitafuna muda mrefu, na kila alipotaka kupumzika mjomba alimuuliza, "Vipi, laini?" Mimi nililetewa maji ya chumvi na viazi vilivyopondwa na maziwa, nikala kama malkia.

Jioni tunaaga, mama mkwe akaja na furushi lake la nguo kichwani. "Twendeni," akasema. "Naona huko chini nina wawili wa kulisha uji."

Sasa niko chuoni, na kila nikikazwa nakuta bakuli langu limefunikwa kando ya la Jema. Baba Jema nilimnunia wiki nzima na bado nikimkumbuka na lile sinia lake damu inachemka. Ila nimekoma. Nikiumwa sitamtuma tena mume kunisemea. Nitasema mwenyewe, mlangoni, kabla sijavua viatu.