Somo la Zornitsa Mbele ya Kamera

Programu ya kasi ya ualimu kwa njia ya mtandao, limetamka baraza la chuo, imefuta umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi. Tamko lina mihuri miwili, basi nani wa kubisha.

Zornitsa aliingia humo baada ya kiwanda cha kusindika nyanya, alikokuwa mkemia, kufungwa. Mwaka mzima alijizoeza kwa kufundisha wanachuo wenzake, watu wazima waliojifanya watoto, kila mmoja ndani ya kisanduku chake kwenye skrini: shati la heshima juu, pajama chini. Mumewe, Velizar, alipita nyuma yake na sufuria ya maharage.

“Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni!”

“Velizar, toka hapo, nitakufelisha!”

Ikafika siku ya somo la mtihani katika shule ya mji wao. Akifaulu, nafasi ya kemia ni yake; akianguka, hakuna tena kiwanda cha kurudia. Mtahini, Daktari Ganeva, angemtazama kupitia kompyuta, yeye akiwa mbali katika mji mkuu, Sofia.

Zornitsa aliingia, akaiweka kompyuta mezani, akaketi, akajiangalia kwenye skrini, akatengeneza nywele. Akaanza kueleza asidi, macho yamekazwa kwenye kamera kama alivyofunzwa. Darasa kimya. Moyoni akajipongeza.

“Mwalimu, samahani,” ilisema sauti ya msichana. “Tukae?”

Akainua uso. Darasa zima lilikuwa wima kando ya madawati, likingoja kuruhusiwa, kama yeye mwenyewe alivyosimama utoto wake wote kila mwalimu alipoingia.

“Mmesimama muda wote huu?”

“Tangu uingie. Miguu ya Plamena imekufa ganzi.”

“Ganzi wapi, njaa hiyo!” akadakia mwingine.

Wakaangua kicheko. Naye akacheka, kisha haya ikamshika. Alikuwa amesahau nini kingine?

“Kaeni, wanangu.”

Akaiacha kompyuta ikitazama kiti kitupu, akaingia katikati ya madawati na limau na maji ya kabichi nyekundu aliyokuja nayo. Alipoyakamulia limau, maji yakageuka rangi ya waridi; wakapiga kelele, wakasukumana, wakauliza maswali asiyojua majibu yake. Alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ameanguka.

Alifaulu. Alama za juu kabisa zilikuwa za nidhamu ya darasa, kwa ukimya wa mwanzo. Zilizokatwa zilikuwa za sehemu ya pili, ambamo, aliandika Daktari Ganeva, mwalimu hakuwepo.