Mtoto wa Mbwa Asiyelia

Sikulala nikijiuliza nimchukue mtoto yupi wa mbwa. Jioni hiyo jirani yangu hapa Gilgil alikuwa amewainua watoto wawili wa mbwa wake chotara kwa ngozi ya shingo. Mmoja alilia, mwingine akanyamaza, nami nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya ghala lililonuka mahindi na vumbi, akiwainua watoto wa mbwa vivyo hivyo. Wote walilia isipokuwa mmoja, mdogo, mwenye madoa.

“Huyu ndiye mkali,” Baba alisema. “Mbwa wa kulialia atafukuza nani?”

Tulimwita Simba. Nilimlambisha uji kwa kidole, nikiuonea fahari ukimya wake. Nilipochubuka goti, nilijikaza nisilie, niwe kama yeye. Siku chache baadaye tulimzika nyuma ya ghala, na nikadhani hata mashujaa hufa ghafla. Sasa najua hakuwa na nguvu ya kulia.

Asubuhi nilirudi kwa jirani, nikamchukua yule aliyenyamaza.

“Umechagua vizuri, boss. Huyo ni mkali.”

“Nadhani ni mgonjwa,” nilimjibu.

Nilimfunika kwa sweta yangu, nikampeleka moja kwa moja kwa daktari wa mifugo.